Kijiko Ndani ya Kikombe cha Bati

Dispensari ya Mgodi, Geita
Jumapili, 3 Juni 1951

Kaka Thobias, shikamoo.

Kuna sauti moja ambayo haijaniacha tangu nikiwa na miaka kumi na miwili: kijiko cha chuma kikikwaruza kitako cha kikombe cha bati. Mama alikuwa amelala chumbani na kichomi chake, mlango umefungwa, na ndani alikuwamo mama mdogo Mageni, mke mwenzake, peke yake, anakoroga. Alikoroga muda mrefu kuliko uji wowote unavyotaka kukorogwa. Mimi nilikuwa nje, mgongo wangu ukutani, nahesabu mizunguko. Kulipokucha mama hakuwapo tena. Wewe ulikuwa shuleni, hukuisikia. Mimi niliisikia, na sikumwuliza mtu neno.

Juzi Herman, dresa wetu hapa, mfunga vidonda, alikuwa akikoroga dawa ya tumbo kwenye kikombe kama kile. Nikaangusha sinia la sindano. Akacheka: “Nesi Justa, umeona nyoka?” Nikasema mkono umeteleza.

Barua yako inasema baba ana homa kali, anakohoa, na ubavu unamchoma akivuta pumzi. Hicho ni kichomi, ndicho kilichompata mama. Kwa mkono wa Cornel, dereva wa lori la mgodi, natuma vifurushi vitatu. Atavitia posta Mwanza vije kwa treni. Cha uzi mwekundu ni salfa, dawa ya kichomi yenyewe: vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, mpaka viishe. Cha uzi mweusi ni kwinini, maana huko kwenu homa haiji peke yake: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Cha uzi mweupe ni aspirini, akizidiwa na joto au maumivu. Nimevitoa kabatini bila kumwambia Bwana Mganga, mkuu wa dispensari. Usimtajie mtu.

Na jambo jingine. Vidonge ampe Zipora mkeo, au umpe wewe. Mama mdogo asivishike. Kisha niandikie: kikombe cha baba anakishika nani?

Mdogo wako,
Justa Mihayo


Kiwanda cha Pamba, Shinyanga
9 Juni 1951

Daktari wetu wa kike, marahaba.

Vifurushi vimefika na nyuzi zake. Zipora anasema umemfanya fundi cherehani. Baba alivitazama akauliza, “Mtoto wangu amenitumia shanga?” Lakini amemeza. Siku ya tatu ubavu ukaacha kumchoma, akadai ugali na mlenda, akasema, “Nimepona, hivyo vingine vikae kwa ajili ya ng'ombe.” Akaacha vya uzi mwekundu, kwinini tu ndiyo anayoendelea kumeza.

Jana homa imerudi. Tena lipo jambo linalonitisha: anasema anasikia kengele. Hakuna kengele, Justa. Tuko mbali na misheni. Anasema zinalia ndani ya kichwa, na ukimsemesha sharti upaze sauti. Majirani wameanza kusema ni mtu anamwita.

Umeuliza kikombe. Kikombe anashika mama mdogo. Mchana mimi niko kiwandani, pamba za msimu zimefurika mpaka mlangoni, na Zipora yuko shambani. Zipora anampa vidonge asubuhi kabla hajatoka na jioni akirudi, na vya mchana, kabla baba hajaviacha, alikuwa akimwekea mkononi avimeze mwenyewe. Lakini mchana mama mdogo hufunga mlango akampa kitu cha kunywa. Zipora alirudi mapema Alhamisi akamkuta anakoroga. Alipomwona, mama mdogo alifunika kikombe kwa kiganja. Zipora anasema kandokando ya kikombe palikuwa na unga mweupe. Si wa mtama wala wa mahindi.

Sikutaka kukuandikia hili, kwa kuwa najua utakavyolichukua. Lakini umeniuliza.

Kaka yako,
Thobias


Geita, 12 Juni 1951

Kaka Thobias, shikamoo.

Kengele usiziogope. Ni kwinini. Kila anayeimeza sawasawa husikia masikio yanalia. Hapa wachimbaji huziita “nzige wa dawa”. Wakikoma kuimeza, nzige wanaruka. Waambie majirani hakuna anayemwita baba.

Naona mnazichukua dawa zote kuwa kitu kimoja, nguvu moja yenye majina mengi. Sivyo. Aspirini haiui chochote. Inashusha joto na kunyamazisha maumivu, kama mtu anayemfunga mbwa mdomo. Mbwa kanyamaza, lakini mwizi bado yumo uani. Kwinini inaingia kwenye damu na kuwaua vijidudu vya malaria humo humo. Salfa ni nyingine tena. Yenyewe haiwaui wadudu wa kichomi. Inawanyima chakula wanachokitumia kuzaana, wakabaki wachache na dhaifu, ndipo damu ya mgonjwa inawamaliza. Ikishafanya kazi inachujwa na figo, inatoka kwenye mkojo. Kwa hiyo baba alipoacha siku ya tatu, waliobaki wakazaa upya. Ipo pia penisilini, ambayo inawavunja wadudu kuta zao, lakini ni ya sindano na hukaa kwenye baridi. Haisafiri kwa treni.

Natuma salfa nyingine, nyingi zaidi. Aanze upya, na safari hii asiache mpaka ya mwisho.

Sasa huo unga. Nimelala naiona ile picha ya kiganja juu ya kikombe. Mtu asiye na la kuficha hafuniki. Nitafutie chembe zake, uzikunje kwenye karatasi, unitumie. Na umtazame baba macho: weupe wake ni mweupe au umegeuka manjano? Mkojo wake una rangi gani? Usimwulize mama mdogo. Tazama mwenyewe.

Justa


Shinyanga, 16 Juni 1951

Mdogo wangu Justa,

Macho ni meupe. Mkojo una wekundu, kama maji yaliyosuuza nyama. Na mgongo unamuuma huku chini, pande zote mbili. Kifua kinapona, Justa, na mtu anaumwa. Inawezekanaje?

Leo niliomba ruhusa kwa karani mkuu nikarudi saa sita. Nikausukuma mlango. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti, kikombe mkononi, baba amekwisha kunywa nusu. Nikasema, “Ni nini hicho?”

“Uji.”

“Uji gani mwepesi hivyo? Nakiona kitako cha kikombe.”

“Ni wa mgonjwa, Thobias.”

“Basi onja.”

Hakuonja. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akasema taratibu, “Twende nje nikuambie.” Nikasema nina masikio humu humu, aseme. Baba naye akadakia kwa ukali: “Mwanamke, umeniwekea nini?” Yeye kimya, kama kuku aliyenyeshewa. Kwa nini nimfuate nje? Nimemjua tangu nikiwa mdogo. Akikupata peke yako ana maneno ya asali.

Alipokwenda kuchota maji nilipekua kapu lake. Unga huu hapa, umekunjwa kwenye karatasi ya kiwanda. Fanya upesi.

Thobias


Geita, Jumanne 19 Juni 1951

Kaka,

Karatasi imefika sasa hivi na Cornel anaondoka baada ya robo saa, kwa hiyo naandika kabla ya kujua ni nini. Nimempa Herman autazame.

Mkojo mwekundu na macho meupe: basi si ile homa ya mkojo mweusi inayokuja na malaria, maana ingemgeuza manjano. Maumivu ya figo pande zote, na kifua kinapona. Kitu kinaziumiza figo zake kutoka ndani. Kitu anachokunywa. Nimejaribu kufikiri njia nyingine na sioni.

Mtoe mama mdogo nyumbani. Usingoje. Kama nimekosea, tutajua akiwa mbali, na hatakuwa amedhurika. Kama sikukosea, kila kikombe kina hesabu yake. Mwambie mwanangwa, mkuu wa kijiji, ili jambo liwe wazi wala lisiwe la nyumbani tu. Aende kwa kaka yake, huko Chato. Salfa iendelee, Zipora ampe kwa mkono wake, zote, na mchana asiende shambani.

Msomee mama mdogo karatasi ya pili, kisha umpe aondoke nayo.

Justa


(Karatasi ya pili)

Geita, 19 Juni 1951

Mageni,

Sikuandikii shikamoo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa nje ya mlango, na nilikusikia. Miaka tisa nimenyamaza. Sasa nimesoma, na ninajua kitu kinavyoingia mwilini na kinavyotoka. Kama huna hatia, niambie ulikuwa unakoroga nini kwenye kikombe cha mama yangu.

Justa, binti Mihayo


Shinyanga, Jumapili 24 Juni 1951

Mdogo wangu,

Tumefanya. Ijumaa mwanangwa alikaa na wazee chini ya paa la ghala la mtama. Nilisimama nikasema kikombe, unga, mkojo. Nikasema una cheti cha uuguzi na ndiwe uliyelitambua jambo. Hilo ndilo lililomaliza maneno. Mzee mmoja alisema, “Ikiwa msomi amekwisha ona kutoka Geita, sisi tulio hapa tungoje nini?” Mama mdogo aliulizwa ana la kusema. Alisema, “Niacheni niseme na mume wangu faraghani.” Wakacheka. Nikamsomea karatasi yako mbele yao. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani. Alikwenda stesheni na furushi moja na kile kikombe chake cha bati. Wanawake wa njiani walimzomea mpaka relini.

Nilitegemea baba atapata nafuu. Hajapata. Mkojo ni kidogo sana, mwekundu wa kutisha, na uso umevimba. Analia mgongo. Zipora yuko naye kutwa, anampa vidonge vyote kama ulivyoagiza, kimoja hakijapotea. Na baba mwenyewe siku hizi anatii dawa kuliko padri. Anakunja kidonge kwenye tonge la ugali, anameza kavu, na maji hayagusi mpaka jua lizame, nayo ni mafunda mawili. Unajua alivyo, ni mwana wa mganga wa kienyeji. Babu alimfundisha kwamba siku ya dawa hanywi maji, kwa sababu maji huiosha dawa ikatoka kabla ya kazi. Zipora amefurahi, kisima kiko mbali na kiangazi kimeanza.

Huenda sumu iliyokwisha kuingia inachelewa kutoka. Ndivyo ilivyo? Niandikie. Unga ulikuwa nini?

Thobias


Chato, 27 Juni 1951

Kwa Justa, nesi wa mgodini.

Mimi Mageni nasema, na katekista Stanslaus anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiweke Kiswahili chake cha kanisani.

Barua yako niliisikia mara moja mbele ya watu, na Stanslaus amenisomea tena mara tatu. Umeacha shikamoo. Marahaba hata hivyo.

Umeuliza nilikoroga nini. Nilikoroga magadi, ng'wanawane, mwanangu, haya ya kulainishia maharage. Mama yako alipokuwa mgonjwa nilimpeleka misheni mimi, siku mbili kwa gari la ng'ombe. Sista alitupa vidonge vyeupe, akaniita pembeni. Akasema, “Vidonge hivi ni vizuri lakini vina kisirani. Vikikosa maji, vinageuka mchanga mkali kwenye figo, vinakata, vinaziba. Mnyweshe maji mpaka achoke, kikombe baada ya kikombe, na utie soda. Ukikosa soda, chembe ya magadi.” Mama yako alikuwa hawezi kumeza, ndiyo maana nilikoroga sana, chembe zisimkwame. Alikunywa vyote. Hakufa kwa kikombe. Alikufa kwa kifua, tulichelewa kwenda. Hata mimi huwa naisikia ile sauti.

Baba yako naye nilipoviona vidonge nilivijua. Nikamwuliza Zipora, “Justa kaandika maji?” Akasema hakuna maji kwenye barua. Na baba yako unamjua, siku ya dawa maji ni mwiko. Ningemwambia nimekuwekea maji, angeyatema. Ndipo nikafanya uji, uji wa jina tu. Uji si maji, mwiko haukuvunjika. Thobias aliponikuta ningesemaje mbele ya mzee? Nilimwita nje. Hakuja.

Sasa nani anamkorogea?

Jibu hilo kwanza. Mambo yangu mimi yatangoja.

Mageni, mke wa Mihayo

(Mimi katekista naongeza: mama huyu hajala vizuri tangu afike. Ananiamsha alfajiri kuuliza kama lori la Geita limepita. Stanslaus.)


SIMU
Kutoka Mwanza, 30 Juni 1951
Kwa THOBIAS MIHAYO, KIWANDA CHA PAMBA, SHINYANGA

ACHA SALFA. MPE BABA MAJI MENGI SASA. TIA MAGADI KIDOGO. USINGOJE JIONI. JUSTA


Shinyanga, 3 Julai 1951

Mdogo wangu,

Karani mkuu aliniletea simu yako mwenyewe, akidhani mtu kafa. Nilipanda baiskeli na fulana tu.

Baba alikataa. “Siku ya dawa!” Nikamwambia dawa imekwisha, hii ni nyingine, inaitwa Soda ya Geita, nayo hunywewa kwa mtungi. Akanitazama kwa jicho moja. “Na mwiko wake?” Nikasema mwiko wake ni kuacha kikombe kikiwa na kitu. Akanywa. Usiku kucha tulimnywesha kwa zamu. Jumapili hakutoa kitu. Niliketi nikitazama ule mkebe mkavu wa mkojo, nikafikiri ni mimi niliyesimama kwa mwanangwa. Jumatatu alasiri akaniita: mkojo, kidogo, mwekundu kama udongo, na ndani yake chembechembe zinazong'aa. Leo umekuwa mwingi na rangi inarudi. Uvimbe wa uso unashuka. Ameuliza chakula. Ameuliza pia mke wake yuko wapi, nikasema amekwenda kusalimia.

Zipora alipokuwa akichanganya alisimama ghafla na kijiko mkononi. Akasema, “Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya. Mimi nilidhani anafanya uchoyo wa unga.”

Sasa nisikilize mimi kaka yako. Najua umepokea barua kutoka Chato, Cornel amemwambia mtu wa posta. Usiyeyuke. Yule mama alijua dawa ya jambo hili kabla yako wewe uliyesoma. Aliijulia wapi? Anayejua kulifungua fundo, mara nyingi ndiye aliyelifunga. Na hata kama sivyo, mwanangwa amekwisha amua, watu wamekwisha zomea. Ukisema leo tulikosea, ni nani atakayebeba kosa? Wewe. Vidonge ulivitoa bila ruhusa. Utapoteza kazi, nami sitaweza kupita sokoni. Huko Chato ana kaka yake, hafi njaa. Baba anapona. Tunyamaze, Justa. Kunyamaza unakuweza.

Thobias


Nyumbani kwa baba, 10 Julai 1951

Kaka Thobias, shikamoo.

Zipora anakwenda sokoni na atakuletea hii kazini. Nakuandikia badala ya kukungoja jioni kwa sababu ukiwa mbele yangu utasema, nami nitanyamaza. Umesema kweli, kunyamaza nakuweza. Kwa hiyo nakuandikia yaliyokwisha kufanyika.

Kwanza, la unga. Uliniuliza. Herman aliukamulia ndimu siku ile ile ya Jumanne, lori la Cornel likiwa bado halijapotea kwenye vumbi. Ukatoa povu. Akasema, “Magadi, nesi. Jikoni kwenu mnapika maharage?” Nilijua siku ile, kaka. Sikukuandikia. Nilijiambia magadi yanafunika ladha ya kitu kingine. Siku tatu kabla ya baraza la mwanangwa nilikuwa nayo kweli mkononi, na nikaitilia shaka kwa sababu ilimfaa yeye. Ungeweza kupata simu yangu Alhamisi. Hukuipata.

Pili, la maji. Usiku wa barua ile ya Chato nilifungua daftari langu la mafunzo. Iko pale, kwa mwandiko wangu, imepigiwa mstari: “Salfa: maji mengi, na soda, kulinda figo.” Nilipata alama zote kwenye swali hilo. Lakini hapa mgodini pipa la maji liko mlangoni mwa dispensari, na Herman humpa kila mgonjwa kikombe kabla hajanifikia mimi. Maji yalikuwa kazi ya Herman. Dawa ilikuwa kazi yangu. Miaka miwili nimegawa salfa na sijawahi kutamka neno maji. Nilikuandikia inavyoingia na inavyotoka, nikaona fahari. Njia yenyewe ya kutokea sikuiandika. Na baba anavyoshika mwiko nilisahau; hicho ni kitu ambacho binti yake alipaswa kukijua bila shule.

Kwa hiyo Jumatatu ile uliyoona mkojo, mimi nilikuwa mbele ya Bwana Mganga. Nilimwambia vidonge vingapi, lini, na nilichoacha kukiandika. Ameniondoa kwenye kabati la dawa. Nikirudi nitakuwa wodini, kufua bandeji na kuosha wagonjwa, kwa mwaka mmoja. Herman alinisindikiza hadi lorini. Akasema, “Basi utanisaidia kujaza pipa.” Hakuwa anatania sana.

Nikaenda Chato. Nilimkuta anapara samaki na wake za kaka yake. Hakusimama. Nilipiga magoti nikasema, “Shikamoo, mama mdogo.” Akasema, “Marahaba. Ile nyingine nilikwisha kuijibu.” Kisha akauliza, “Anakojoa?” Nikasema anakojoa. Ndipo akaweka kisu chini akalia.

Njiani, kwenye behewa, nilimwuliza swali lako: aliijulia wapi. Alinijibu kama alivyoandika. Nikamwuliza tena kwa namna nyingine, kisha ya tatu, kama mahakamani. Nakuambia haya ili ujue ugonjwa huu haukutoki kwa siku moja. Nilikuwa namrudisha nyumbani na bado nilikuwa napekua. Mwisho akasema, “Uliza mpaka uchoke, ng'wanawane. Safari ni ndefu.” Nikaacha.

Leo asubuhi hatukuja nyumbani moja kwa moja. Tulikwenda kwa mwanangwa. Nilimwomba awaite wale wale, na wengi walikuja kwa kuwa walitaka kuona mama mdogo ana uso gani wa kurudi. Nilisimama palepale uliposimama. Nikasema kosa ni la msomi wa Geita, kwamba aliacha kuandika neno moja, na kwamba mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyelijaza. Jina lako sikulitaja. Yule mzee wa “tungoje nini” akauliza, “Sasa tumwamini nani, wewe wa jana au wewe wa leo?” Mama mdogo akamjibu: “Mwaminini mzee Mihayo. Nendeni mkatazame mkebe wake.” Wakacheka, safari hii si kama ile, na mwanangwa akasema maneno ya Ijumaa ile yamefutwa. Si wote waliokubali. Wawili waliondoka bila kuaga. Nimewaandika kichwani.

Baba amedhoofu, lakini alimtambua kwa hatua zake kabla hajaingia. Akasema, “Umesalimia muda mrefu.” Mama mdogo akasema kule samaki ni wengi. Basi.

Bwana Mganga anasema anywe hivi wiki mbili zaidi. Kikombe cha mchana huu nimekoroga mimi, mlango ukiwa wazi, chembe ya magadi na maji tele, unga kiasi cha kudanganyia. Kijiko kilikwaruza kitako cha bati, na mkono wangu haukuteleza. Nimeonja, mama mdogo ameonja, kisha baba amemaliza.

Furushi lake nimelirudisha chumbani mwake, na ufunguo wa ghala, aliokuwa akiushika yeye kabla hatujamfukuza, nimeutoa kwenye kapu la Zipora nikampa mkononi.

Mdogo wako,
Justa